Mkataba umekuja na jina langu, nisaini mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhadhiri chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, kuna kampuni ya nje inataka kufadhili utafiti wangu wa mbegu za mtama, wametuma mkataba kurasa 14, ule ukurasa wa mwisho wameandika "kwa niaba ya Chuo" na chini yake jina langu tayari. Wanautaka Ijumaa. Mkuu wa idara ananiambia saini tu, mbona yeye huwa anasaini. Nifanyeje?
Mhadhiri mwenye haraka

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka peni chini kwanza.

Iko hivi, chuo ni mtu kisheria, kinashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, ila hakina mkono wa kushika peni, lazima mtu akisainie na mtu huyo hajichagui. Kwa kawaida ni Makamu Mkuu wa Chuo, au aliyekabidhiwa kwa maandishi, sanasana naibu wake wa mambo ya utafiti. Mkuu wako wa idara hayumo, labda awe na barua, na hizo barua nyingi zina kikomo cha hela. Mwombe uione tu, utamkuta anapekua droo mpaka jioni.

Usidhani ni ubishi wa makaratasi. Marekani kuna mtafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Mark Holodniy, mwaka 1989 alienda kujifunza kwenye kampuni inaitwa Cetus, akapewa fomu ya usiri ya wageni akasaini, si ndo kawaida ya mlangoni. Kumbe mle ndani kuna sentensi inaikabidhi Cetus haki za atakachovumbua kutokana na kazi ya pale, papo hapo, wakati Stanford alikuwa ameahidi tu kwamba atawakabidhi. Kipimo cha kujua wingi wa VVU kwenye damu kikaja kugombaniwa, kampuni ya dawa ya Roche walishanunua biashara ile ya Cetus, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na 2011 Stanford wakashindwa, majaji 7 kwa 2. Na huyo wala hakusaini kwa niaba ya chuo, alijisainia mwenyewe! Kwa hiyo fomu za usiri na za kutuma sampuli nazo ni mikataba, zipeleke ofisi ya utafiti ya chuo.

Ukishasaini bila mamlaka, chuo kinaweza kukuruka ukabaki na kampuni peke yako, au kampuni iseme tuliaminishwa una mamlaka, vyovyote vile wa kubanwa katikati ni wewe. Kama kuna mkataba mwingine ulishasaini huko nyuma nenda kwa mwanasheria wa chuo kesho asubuhi, usingoje waugundue wenyewe.

Huu wa sasa upeleke ofisi ya utafiti, nao wataupitisha kwa mwanasheria, aangalie hasa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ni ya nani, utaruhusiwa kuchapisha lini, na mkigombana ni mahakama ya nchi gani. Halafu jina lako lishushwe chini: "Mtafiti mkuu, nimesoma na kuelewa majukumu yangu." Hapo ndo usaini. Na kama wanakuja na mtafiti wao, kibali chake cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni safari nyingine kabisa, hakimpi mtu ruhusa ya kukisainia chuo.

Ijumaa isikutie presha, waandikie leo waombe wiki mbili au tatu, vyuo vya kwao navyo vina ofisi ya kazi hiyohiyo. Mkataba ukirudi na lakiri, yaani muhuri wa chuo, toa kopi uweke nyumbani maana mafaili ya chuo unayajua.