Kunoa visu mwenyewe au kumpelekea mnoaji: nilivyojifunza

Mwenzetu ameuliza kama ni afadhali kupeleka visu vya jikoni kwa mnoaji au kununua kinoo na kuvinoa mwenyewe. Nimepitia njia zote mbili, na ushauri wangu ni unoe mwenyewe, ila kisu kilichomeguka makali au kuvunjika ncha umwachie fundi.

Hata hivyo, fundi achaguliwe kwa uangalifu. Kisu nilichokipenda kuliko vyote kilirudi kutoka kwa mnoaji kikiwa na doa la buluu karibu na ncha, kwa sababu kilinolewa kwenye gurudumu liendalo kasi bila kupozwa kwa maji. Rangi hiyo huonyesha kwamba chuma kilipata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi na kupoteza ugumu wake; tangu siku ile, sehemu hiyo hunoleka vizuri lakini haidumu. Siku hizi simkabidhi mtu kisu kabla ya kumwuliza anakipoza kwa njia gani.

Kwa kunoa nyumbani, kinoo cha namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa chembe zake) kinatosha kwa kisu kilichokuwa butu kwa matumizi ya kawaida. Shika pembe ya nyuzi 15 hivi kati ya kisu na kinoo kwa visu vyembamba vya Kijapani, na nyuzi 20 kwa visu vinene zaidi vya Kizungu. Paka wino wa kalamu nene kwenye makali, pitisha kisu mara chache, kisha utazame: wino ukibaki pale pembeni kabisa mwa makali, umekilaza mno.

Jambo lililonichelewesha kwa miaka ni kuhesabu. Nilikuwa napitisha mara ishirini kila upande na kudhani kazi imekwisha, kumbe kinachotakiwa ni kunoa upande mmoja mpaka chuma kichomoze upande wa pili kama unywele mwembamba. Huuoni kwa urahisi, lakini ukitelezesha kidole gumba kutoka ubavuni kuelekea nje (kamwe usikipitishe kufuata urefu wa makali) utahisi ukikwaruza. Ukiuhisi karibu na mpini tu, basi sehemu ya ncha bado haijanolewa, hata kama umepitisha mara mia. Ukienea kote, geuza kisu ufanye vivyo hivyo, kisha pitisha pande zote mbili kwa kupokezana, ukipunguza nguvu ya mkono kila mara, hadi unywele huo utoke. Ukiuacha, kisu kitakata vizuri siku moja tu, kisha utajikunja.

Ile fimbo ya chuma inayouzwa pamoja na visu hunyoosha makali yaliyolala; kisu kilichokwisha kuwa butu hakiwezi kupona kwayo.

Ukimaliza, weka kisu juu ya nyanya iliyoiva na ukivute bila kukandamiza. Kikiteleza kwenye ganda, rudi kwenye kinoo.