Manjano ya Kichanga: Omba Namba Mbili

Mama mmoja wa Kayole, Nairobi, ameniandikia kwamba mtoto wake ana wiki tano, macho bado ni ya manjano, na kila anayemuuliza anamwambia amtoe nje aote jua la asubuhi. Mama, jua liache. Fungua nepi kwanza.

Choo cha kichanga anayenyonya huwa cha manjano au kijani. Kikiwa cheupe kama uji wa mahindi, au cha kijivu, na mkojo unaacha doa kwenye nepi, nyongo haifiki kwenye utumbo. Huenda mirija ya nyongo imeziba. Daktari Morio Kasai wa Japani alibuni upasuaji wa kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia. Hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60; baada ya hapo makovu huzidi kulila ini. Chanjo za wiki ya sita huja siku ya 42. Ukingoja hadi hapo umebakiwa na siku 18 za foleni, vipimo vya damu, picha ya tumbo na barua ya rufaa. Usingoje!

Nyongo ikikosekana, vitamini K haifyonzwi vizuri, na mtoto anaweza kuvuja damu hata kwenye ubongo. Kagua kijitabu cha kliniki uone kama alidungwa sindano ya vitamini K alipozaliwa.

Sasa hizo namba. Mtoto akibaki na manjano baada ya siku 14, omba maabara wapime bilirubini, ile rangi ya manjano inayotoka kwenye chembe za damu zinazovunjika: ya jumla, na ile dairekti, yaani ambayo ini limeshaichakata. Jumla peke yake haitoshi. Dairekti ikipita mikromoli 17 kwa lita, shida inatafutwa kwenye ini. Majibu yakija kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 17.

Ile isiyo dairekti ndiyo hupenya hadi kwenye ubongo, na hiyo haisubiri wiki. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto anayelala mno, asiyetaka kunyonya, mwenye kilio chembamba au anayejipinda mgongo. Ngozi nyeusi huficha rangi, kwa hiyo mlete karibu na dirisha, bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achilia, kisha tazama ufizi na weupe wa macho.

Taa za buluu za hospitali hubadilisha bilirubini hiyo itoke mwilini bila kungoja ini liichakate. Mtoto alazwe uchi, nepi tu, macho yamefunikwa, atolewe kunyonya kisha arudishwe. Nimeona taa zikiwekwa mbali, balbu zimechoka, na mtoto amefunikwa shali eti asipate baridi. Mwanga usipoigusa ngozi hakuna tiba. Maji ya glukosi nayo hayashushi manjano. Mnyonyeshe kila saa mbili au tatu.

Na nguo za kurithi zilizohifadhiwa na vidonge vya kufukuza nondo, asivae. Nafthalini iliyo kwenye vidonge hivyo huvunja chembe za damu za watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na wako wengi katika familia zenye asili ya Pwani na Magharibi.

Wewe wa Kayole, wiki tano ni siku 35. Piga picha ya nepi kwenye mwanga wa mchana bila flashi, uende nayo kesho asubuhi. Wakikwambia choo cheupe ni kawaida, omba rufaa kwa daktari wa watoto pale Hospitali ya Kenyatta, na usitoke bila barua mkononi.