Maswali ya Walimu: Vizibo, Wembe na Mvua ya Bati

Nina watoto 94 darasa la kwanza hapa Arua, Uganda. Naambiwa wajifunze kwa kushika vitu. Vitu hivyo nivitoe wapi?

Mwalimu mwenzangu, anza na vizibo vya soda. Waombe wenye maduka wakuwekee. Vioshe, kisha kingo zenye makali zigonge kwa nyundo zilale. Ila usimwage vyote mezani, utajuta! Gawa makundi kumi, kila kundi na mkebe wake wa vizibo 20 na mtunza mkebe, anayevihesabu kabla na baada ya kipindi. Kizibo kimoja kikipotea, wenyewe watakuambia 20 kutoa 19 ni ngapi, tena kwa ukali. Wahesabu kwa Kilugbara kwanza. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unataka lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Magunzi ya mahindi nayo yanafaa kufundishia refu na fupi. Maharagwe siyapendi: hakosekani mtoto wa kujitia moja puani.

Niko Bweyale. Mvua ikipiga bati, watoto hawanisikii kabisa.

Usishindane na mvua. Weka akiba ya kazi za kimya: kadi za herufi na picha, udongo wa kufinyanga, nyuzi za mgomba za kusuka. Elekeza kwa ishara. Kukiwa na radi, funga mlango na uwasogeze watoto mbali na madirisha na vyuma. Ninyi wa wilaya ya Kiryandongo hamhitaji kukumbushwa 2011, radi ilipoua wanafunzi zaidi ya kumi shuleni. Kamati ya shule ikikaa, dai kinga ya radi kabla ya rangi ya geti.

Wembe wa kuchongea penseli, niwaachie? (Busia)

Hapana. Chonga penseli mwenyewe asubuhi, au funga kichongeo kimoja kwa kamba kwenye meza yako.

Mzazi ameniambia, "Mwanangu mchape tu, nimekuruhusu." Nimjibu nini?

Mwambie kwa heshima kwamba ruhusa hiyo hana: Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inakataza viboko shuleni. Halafu mchunguze mtoto mwenyewe. Msumbufu mara nyingi ni yule aliyemaliza kazi mapema, au ambaye hakuambulia kitu tangu mwanzo. Wa kwanza mfanye mtunza mkebe. Wa pili mkalishe karibu nawe, umrudishie vizibo vitano tu.