Beki, tunza kichwa chako

Nimecheza soka la kulipwa miaka 15, karibu yote nikiwa beki wa kati, na nilitundika daluga nikiwa na miaka 34. Vijana wanaocheza nafasi yangu huniuliza afanye nini beki ili adumu. Wengi wanategemea niwaambie habari za vyuma na mbio. Mimi nawajibu: kichwa. Na hapo nina mambo mawili. La kwanza nililielewa mapema, la pili nilichelewa sana.

Nikiwa na miaka 20 nilikuwa na kasi, na kasi ilinidanganya. Nilikodolea mpira tu, nikiamini kwamba hata nikizidiwa hatua mbili nitamkimbiza straika na kumkuta. Kuna mechi moja winga wao alipokea mpira pembeni, nami macho yote kwake. Straika niliyekuwa namkaba alikuwa nyuma ya bega langu la kushoto. Winga alipoinua uso kupiga krosi, yule jamaa alirudi nyuma hatua mbili, akapotea machoni pangu, kisha akachomoka mbele yangu kwenye mlingoti wa karibu. Nilipomwona tena, mpira ulikuwa wavuni.

Beki mwenzangu, mkongwe aliyekuwa anamalizia miaka yake, hakunifokea. Tukiwa tunarudi katikati alinisogelea na kuniuliza, "Amevaa viatu vya rangi gani?" Sikujua. Dakika 60 nilikuwa namkaba mtu na sikujua rangi ya viatu vyake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, geuza shingo. Geuza kabla ya pasi kupigwa, mpira ukiwa bado njiani kwa mtu mwingine, na geuza tena. Usisimame kifua kikielekea mpira moja kwa moja. Simama kiupande, ili jicho moja lipate mpira na jingine lipate mtu, na miguu iwe tayari kukimbilia lango lako bila kujizungusha kwanza. Halafu msome mwenye mpira. Akiwa amebanwa, uso umeinama, safu ya mabeki ipande mbele. Akiwa huru na ameinua uso, shukeni kabla hajapiga, kwa sababu akishapiga mmechelewa. Mabao mengi ninayoyaona leo yanatokana na hapo hapo: beki mmoja amepanda kutafuta ofsaidi, mwenzake ameshuka, na hakuna aliyefungua mdomo. Sema! Anza na jina la mtu, kisha neno moja: panda, shuka, toka. Ukianza na "angalia, angalia", kila mmoja anadhani anaambiwa mwingine.

Fabio Cannavaro ana urefu wa mita 1.76, kimo ambacho makocha wengi wangekikataa kwa beki wa kati. Mwaka 2006 alikuwa nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia. Katika mechi 7 walifungwa mabao 2 tu, moja la kujifunga na jingine la penalti, na mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Beki mwingine wa Italia, Paolo Maldini, alianza kuichezea klabu ya Milan mwaka 1985 akiwa na miaka 16, akaagwa mwaka 2009 baada ya mechi 902. Alianza pembeni akamalizia kati, na huwezi kucheza hadi karibu miaka 41 kwa kutegemea mbio. Miguu inapungua, macho yanazidi kujua.

Sasa la pili, na hili naliandika kwa uchungu. Tulikuwa tunalinda kona, nikagongana kichwa na mpinzani. Nilizimika kidogo, nikainuka. Daktari wa timu akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa. Kocha alinihitaji, nami sikutaka mtu achukue namba yangu. Nikamaliza mechi. Usiku ule mke wangu ndiye aliyegundua: nilimuuliza tulishinda au tulifungwa, akanijibu, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimemuuliza swali hilo mara tatu. Wiki iliyofuata nilicheza tena.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo mwaka 2019 kuhusu wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland zaidi ya 7,000. Hatari ya kufa kwa magonjwa yanayoharibu ubongo, kama ugonjwa wa kusahau, ilikuwa kama mara tatu na nusu ya watu wengine. Mwaka 2021 wakaangalia nafasi kwa nafasi, na mabeki ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi, karibu mara tano. Ukifikiria mipira mirefu tunayoipiga kichwa kila siku ya mazoezi, haishangazi. Uingereza sasa inashauri mchezaji asipige mpira wa nguvu kwa kichwa zaidi ya mara 10 kwa wiki mazoezini. Wewe hesabu vyako, hata kama klabu yako haihesabu. Na ukigongwa, toka uwanjani. Usiulizwe wewe kama uko sawa, maana aliyegongwa kichwa hawezi kuwa shahidi wa kichwa chake. Mwambie mwenzako wa safu mapema kwamba siku ikitokea, yeye ndiye atakayemwita daktari.

Magoti yatauma, hilo lipo, nami nashuka ngazi kwa kushika ukuta asubuhi. Mkataba mpe mwanasheria asiyelipwa na wakala wako ausome. Lakini kozi ya ukocha ianze ungali unacheza. Mimi niliianza nikiwa na miaka 30, na simu zilipoacha kulia nilikuwa na pa kwenda asubuhi. Nilikaa miezi mingi nikiwa na huzuni hata hivyo, kwa hiyo sidhani kama ningeinuka bila ile kozi.

Siku hizi nafundisha mabeki wa chini ya miaka 17. Krosi nyingi tunazifanya kwa mipira laini, na katikati ya mazoezi huwa nasimamisha kila kitu ghafla, namwambia mmoja afumbe macho. Juzi nilimuuliza mtoto mmoja mkimya straika wake amevaa viatu gani.

"Vyeupe," akasema, macho bado yamefumbwa. "Na kamba ya kulia imelegea."