Mkono mzito si kikwazo, anza na futikamba

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kusomea usanifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, wakati kuchora kunakushinda, na ufanye nini huku Mwanza kabla ya kwenda. Unaweza. Kuchora kunafundishika. Kinachoangusha wengi ni vipimo.

Tafuta futikamba ya mita 5, upime sebule ya nyumbani. Usipime kipande kwa kipande, dirisha kisha ukuta kisha mlango, maana makosa madogo yanajumlishana. Shikiza mwanzo kwenye kona moja usome mfululizo: 0.85, 2.05, 3.60. Halafu pima kimshazari, kutoka kila kona hadi kona ya mkabala. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kona za nyuzi 90 kitakupa mita 5 kwenye mishazari yote miwili. Mshazari mmoja ukisoma 4.94, kona si sawa, na kabati utakalochora litaacha mwanya ukutani.

Kwenye skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za nyumba, ukuta wa mita 3.6 unakuwa milimita 72. Kuta zikoleze kwa penseli ya HB, samani uzichore kwa 2H, ambayo ni ngumu na mstari wake ni hafifu. Mistari ikilingana uzito, mchoro hausomeki. Programu za kompyuta zisubiri.

Pita pia kwa fundi seremala, umwombe akuonyeshe ukingo wa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ulionyonya maji ya kudekia: umevimba na gundi imeachia. Na kama sebule yenu inatazama ziwa upande wa magharibi, andika jua la jioni linafika kwenye kochi saa ngapi. Pazia linaamuliwa hapo, kabla ya rangi.