Mota ya umeme kwenye kayaki ya kuvulia: jibu kwa mdau wa Moshi

Mkuu, umeuliza kama kayaki yako ya plastiki ya mita 3.6 inaweza kubeba mota yenye msukumo wa paundi 55 na betri ya gari N70 (ya ampea-saa 70), uende nayo kuvua perege bwawa la Nyumba ya Mungu. Mota itafungika. Tatizo ni hiyo betri, na msukumo wa 55 ni pesa unayoitupa majini.

Mota hizi ndogo zimetengenezwa kusukuma boti nzito polepole. Propela yake ina kasi ambayo haivuki hata ukiongeza nguvu, na umbo la kayaki fupi nalo lina ukomo wake, kama kilomita 8 kwa saa. Ya paundi 30 itakupa karibu kilomita 6. Ya 55 itaongeza kidogo sana, huku ikinyonya hadi ampea 50 badala ya 30. Kwenye maji, ukitaka kasi mara mbili unahitaji nguvu karibu mara nane. Kwa hiyo nunua ya paundi 30, na chenji inayobaki iweke kwenye betri na waya.

N70 ni betri ya kuwashia injini. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo una ampea-saa 35 tu za kutumia. Na hata hizo hazitimii, kwa sababu betri ya maji inapunguza ujazo wake ukiivuta kwa ampea 30. Ukikaza mwendo hufikishi saa nzima, na umebeba karibu kilo 18. LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ya ampea-saa 100, ile ile wanayofunga watu wa sola Arusha, ina kilo 11 hadi 13 na unaweza kutumia 80 kati ya 100 bila wasiwasi. Mwendo wa nusu unakula ampea 10 hadi 12, yaani karibu masaa saba hadi nane. Ya 50 inatosha kwa kuzunguka karibu na mwalo, ila upepo wa alasiri ukikukuta upande wa pili utaikumbuka ile kubwa.

Lithiamu ina ubaya wake: volti zake hazishuki taratibu. Inakaa 13.2, 13.1, 13.0, halafu bodi ya ulinzi iliyo ndani inakata ghafla, kimya. Kipimo cha volti kitakudanganya. Funga mita yenye shanti (kipande cha kupimia umeme unaopita) inayohesabu ampea-saa, na ukifikisha 40 geuza pua urudi. Chaja nayo iwe ya lithiamu, ya volti 14.2 hadi 14.6. Ukitumia kontrola ya sola, chagua mpangilio wa lithiamu.

Sasa waya, mahali ambapo wengi wanabania. Chukua betri iliyo mbele na mota iliyo nyuma, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Waya wa shaba wa 2.5 mm² unapoteza karibu volti 0.9 kwa ampea 30, na joto lake linaishia kwenye plastiki ya kayaki. Wa 6 mm² unapoteza kama 0.4. Wa 16 mm² hata 0.15 hauvuki. Nunua 16, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba ili ukunjike, sio ule mgumu wa kwenye kuta. Lagi, yaani vichwa vya waya, zibanwe kwa koleo la haidroliki. Mafundi sola wengi wanalo. Lagi iliyogongwa kwa nyundo hupata kutu ndani, inapata moto, na utalaumu mota.

Breka iwe ya DC, ampea 50, kwenye waya chanya, sentimita zisizozidi 18 kutoka kwenye betri. Breka ya nyumba haifai: ikikata umeme wa DC cheche inaendelea kuwaka ndani yake. Breka nyingi za sola zina upande wa kuingilia, soma alama za + na − kabla ya kufunga. Ukigeuza waya kwenye mota ya gia tano, propela inazunguka kinyume tu. Ukigeuza kwenye yenye kidhibiti cha PWM (bodi ya elektroniki inayopunguza mwendo kwa kukata na kuwasha umeme haraka haraka), umeua bodi. Hata hivyo nunua ya PWM ukiipata, kwa sababu ile ya gia tano inapunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye koili, na namba ndogo zinageuza sehemu ya betri kuwa joto.

Kufunga: anza na ubavuni, nyuma kidogo ya kiti. Bomba la mraba la alumini la 40 kwa 40 lilale kukatisha kayaki, mwisho wake ufungwe kipande cha mninga cha sentimita 3 au 4 ambacho klampu ya mota itang'ata. Kayaki itavuta upande mmoja, unaizoea. Nyuma kabisa inakwenda mstari ulionyooka, lakini utahitaji nyaya mbili za breki ya baiskeli za kugeuzia, na mchanga ukiingia kwenye maganda yake usukani unakuwa mzito. Propela izame sentimita 15 hadi 30. Ikiwa juu zaidi inanyonya hewa, inapiga kelele na husogei.

Plastiki hii ya polithini haishikani na gundi yoyote ya dukani, na silikoni inabanduka. Tumia bolti za stenlesi, washa pana, washa za mpira, na kibati cha alumini upande wa ndani. Tundu liwe duara safi. Tundu lenye kona ndiko ufa unapoanzia. Usifunge mota ikawa ngumu isiyoinuka, kwa sababu ikigonga kisiki nguvu yote inahamia kwenye bolti na zinang'oka na plastiki yake. Kinyume chake, ukirudi nyuma bila kufunga pini ya kuzuia, mota inajiinua yenyewe kutoka majini.

Betri ikae mbele, kwenye boksi lisiloingiza maji, imefungwa kwa mkanda wa racheti. Mpira wa bodaboda unavutika, kayaki ikipinduka betri inakwenda chini.

Kinachoua mota nyingi bwawani ni mshipi na vipande vya nyavu. Vinajizungusha nyuma ya propela, vinakata sili, maji yanaingia. Kila ukirudi fungua nati, toa propela, safisha, paka grisi isiyooshwa na maji. Beba nati na pini ya akiba pamoja na spana yake. Ziwa Jipe ni kesi nyingine, matete yake yanakaba propela ya kawaida. Huko nenda na kasia. Ziwa Duluti liko ndani ya hifadhi ya msitu, uliza kibali kabla hujapakia kayaki kwenye gari. Nyumba ya Mungu nako muulize afisa uvuvi kuhusu leseni na kama bwawa liko wazi, vaa jaketi la kuokolea, na kumbuka mamba wapo, usining'inize miguu.

Jaribio la kwanza lifanyie kwenye pipa la lita 200, ukipima ampea kwa klampu mita ya DC na kushika kila kiungio baada ya dakika tano. Kinachochoma mkono kirudie. Mota isizunguke nje ya maji zaidi ya sekunde chache, sili zake zinapozwa na maji.

Na kama ile ya 55 umeshailipia, usiirudishe kwa hasara. Weka breka ya 60, waya ule ule wa 16, hakikisha bodi ya betri inaruhusu ampea 100, na usivuke nusu ya mwendo isipokuwa unapambana na upepo.