Jibu: Mwarobaini kwa viluwiluwi wa mbu kwenye mashimo ya matofali

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini ulimwaga maji ya majani ya mwarobaini kwenye mashimo ya kufyatulia matofali nyuma ya nyumba, na kesho yake ukawakuta viluwiluwi bado wanacheza.

Nakushauri uache majani utumie kokwa za mbegu, kwa kuwa ndimo azadiraktini, kemikali ya mwarobaini inayodhuru wadudu, ilimo kwa wingi. Zianike kivulini, uzitwange kinuni, uziloweke usiku kucha katika maji ya kawaida, kisha uchuje kwa kitambaa. Usizichemshe, maana joto kali huiharibu.

Huko kucheza kusikukatishe tamaa. Dawa hii haifanyi kazi papo hapo kama mafuta ya taa, bali huvuruga homoni zinazomwezesha kiluwiluwi kujivua ngozi, naye huweza kuishi siku kadhaa lakini akashindwa kuwa mbu kamili. Chota maji kwa bakuli jeupe kila baada ya siku mbili uangalie: wanaolala sambamba na uso wa maji ni Anofelesi, jamii inayoeneza malaria, na wanaoning'inia kichwa chini kwa kawaida ni Kuleksi.

Jua huidhoofisha dawa upesi, na mbu hukua kwa takriban siku 7 hadi 14, kwa hiyo rudia kila wiki. Usiimwage kwenye bwawa la samaki wala pipa la maji ya kunywa. Ningekuwa wewe, mashimo yasiyotumika ningeyafukia kwanza (jembe halihitaji kurudiwa kila wiki), kisha mwarobaini ubaki kwa yale unayoyahitaji.